Choo cha Mukuru kilivyozaa mbolea: Somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo

MKULIMA anayefungua gunia la mbolea asilia kule Machakos au Kirinyaga huenda asijue kwamba safari ya mbolea hiyo ilianzia katika kichochoro cha Mukuru, jijini Nairobi, mahali ambapo hata mkokoteni hupita kwa shida.

Hesabu yake yeye ni fupi. Gunia ni pesa ngapi, na litaongeza magunia mangapi ya mahindi au kreti ngapi za nyanya?

Hata hivyo, nyuma ya gunia hilo kuna kisa ambacho kila mwenye shamba au biashara ndogo anafaa kukijua. Ni kisa cha wanafunzi waliotaka kutatua tatizo la vyoo mjini, na ambao kabla ya kuchora chochote walikwenda kuwauliza wanaoishi na tatizo hilo.

Wataalamu huita mbinu hii usanifu unaomtanguliza mtumiaji. Kwa maneno mepesi, mbunifu anamfuata mtu anakoishi na kufanyia kazi, anasikiliza shida yake, anatengeneza kitu cha majaribio kwa gharama ndogo, anamrudishia akitumie, kisha anarekebisha. Anarudia hivyo hadi kitu kikubalike.

Mama mboga mzuri hufanya hivyo kila siku bila kuipa mbinu hiyo jina. Akiona wateja hawanunui kabichi nzima, anaikatakata na kuiuza kwa vifungu vidogo. Tofauti ni kwamba wanafunzi hawa waliifanya kazi hiyo kwa mpango, wakaandika majibu na kupiga hesabu.

Tatizo lilivyokuwa

Mukuru ni mitaa ya mabanda iliyo karibu na eneo la viwanda la Nairobi. Inajumuisha Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, na ina zaidi ya familia 100,000.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikodishwa kwa watu na kampuni binafsi miaka ya themanini, kwa nia ya kujengwa viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa. Watu wakajenga nyumba za mabati, na kwa kuwa hawakuwa na hati, mabomba ya majitaka hayakuwafikia.

Matokeo yake yanajulikana na yeyote aliyewahi kupanga nyumba katika mitaa kama hiyo. Vyoo vichache vya shimo hutumiwa na familia nyingi, shimo likijaa gari la kunyonya uchafu halina pa kupita, na usiku watu hutumia mifuko ya plastiki na kuitupa nje.

Kwa wanawake shida ilikuwa pia ya usalama. Ripoti ya shirika la Amnesty International ya mwaka 2010 kuhusu mitaa ya mabanda ya Nairobi ilieleza jinsi wanawake walivyohofia kushambuliwa wakienda chooni usiku.

Wanafunzi waingia

Mnamo 2010, wanafunzi watatu wa uzamili wa biashara katika chuo cha MIT nchini Marekani walikuwa wakilishughulikia tatizo hili kama kazi ya darasani. Walikuwa David Auerbach, Lindsay Stradley na Ani Vallabhaneni. Walikuja Nairobi, wakazungumza na wakazi na kujenga vyoo vya majaribio.

Mwaka 2011 mpango wao ulishinda shindano la biashara la chuo hicho linalotoa zawadi kuu ya dola 100,000. Mwaka huo huo kampuni yao, Sanergy, ilianza kufungua vyoo Mukuru kwa jina la Fresh Life.

Majibu ya wakazi yalionekana katika umbo la choo chenyewe. Nafasi ni finyu, kwa hivyo kilitengenezwa kwa vipande vyembamba vya zege vinavyobebwa na kuunganishwa papo hapo, na kikatoshea pembeni mwa ploti.

Shimo halichimbiki wala gari halipiti, kwa hivyo choo kiliwekewa mitungi miwili chini yake, mmoja wa kinyesi na mwingine wa mkojo. Mtumiaji humwagia kinyesi vumbi la mbao ili kuzuia harufu. Wahudumu huja kuchukua mtungi uliojaa, wanaufunika vizuri na kuacha mwingine safi, kisha wanausafirisha kwa mkokoteni hadi barabarani.

Kulikuwa pia na mambo madogo ambayo mhandisi wa ofisini angeweza kuyasahau, kama vile kioo, mahali pa kutundika nguo na pipa la kutupia sodo. Kwa mtu anayelipia huduma, hayo ndiyo humfanya arudi kesho.

Hesabu ya shilingi tano

Mwanzoni, vyoo viliuzwa kwa wakazi wenyewe ili waviendeshe kama biashara. Mwenye choo alitoza mteja shilingi chache kila anapoingia, naye akapata huduma ya kuondolewa uchafu.

Tufanye hesabu ya mfano. Choo chenye wateja 50 kwa siku kwa Sh5 huingiza Sh250, yaani Sh7,500 kwa mwezi. Kwa anayeuza pia maji au sabuni mlangoni, hiyo ni nyongeza nzuri.

Sasa tugeuze hesabu hiyo upande wa mteja. Familia ya watu watano, kila mmoja akiingia mara mbili kwa siku, italipa Sh50 kila siku, au Sh1,500 kwa mwezi. Kwa baba au mama wa kibarua, hizo ni pesa za unga.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini choo cha kulipia kinaweza kuwa karibu, kisafi na salama, ilhali baadhi ya watu waendelee kutumia mifuko usiku. Tena, usiku mwenye choo amefunga na kwenda kulala.

Baada ya muda mkazo ulihamia kwa wenye nyumba. Landilodi anaweka choo ndani ya ploti na kulipia huduma kwa kipimo maalumu, nao wapangaji wanakitumia mchana na usiku bila kulipa kila wanapoingia. Landilodi naye hufaidika kwa kuwa nyumba yenye choo haikosi mpangaji.

Funzo hapa ni la wazi kwa mfanyabiashara. Bidhaa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani anayelipa, lini na kwa njia gani.

Uchafu unakwenda wapi?

Ukimwuliza mkazi wa mtaa wa mabanda shida yake ni nini, atakuambia ni choo. Ukikaa naye muda mrefu zaidi utagundua kuwa shida kubwa ni kile kinachofuata baada ya choo kujaa. Choo kinachomwaga uchafu mtoni Ngong hakijatatua tatizo, kimelihamishia kwa jirani anayenyunyizia sukuma wiki maji ya mto huo.

Ndiyo maana uchafu wa vyoo hivi hupelekwa Kinanie, Kaunti ya Machakos. Huko huchanganywa na taka nyingine zinazooza na kupitia njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuozeshwa hadi iwe mboji. Joto ndilo huua vijidudu na mayai ya minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2006 unataka joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa zaidi ya wiki moja. Mboji hiyo imekuwa ikiuzwa kwa jina Evergrow.

Njia ya pili ni kulisha mabuu ya nzi weusi ambao wafugaji wengi sasa wanawajua kama BSF. Mabuu hayo hula taka, hunenepa kwa wiki mbili hivi, kisha huchemshwa, hukaushwa na kusagwa kuwa protini ya chakula cha mifugo. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilitoa kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa matumizi ya lishe mwaka 2017, hatua iliyowafungulia watengenezaji soko.

Baadaye shughuli hizi ziligawanywa. Upande wa vyoo ulibaki na jina Fresh Life, nao upande wa mbolea na lishe ukachukua jina Regen Organics.

Mkulima apige hesabu gani?

Hapa ndipo msomaji wa ukurasa huu anaingia. Mnyororo mzima, kuanzia kichochoroni hadi Kinanie, unamhitaji mtu wa kununua kinachotoka mwishoni. Mtu huyo ni wewe.

Wakulima wengi walianza kutafuta mbolea mbadala mwaka 2022, bei ya gunia la kilo 50 la DAP ilipopita Sh6,000. Serikali ilileta mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500 mnamo Septemba mwaka huo, na mwaka 2023 ikashusha bei hadi Sh2,500.

Usilinganishe gunia na gunia. DAP ina asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosfeti, kwa hivyo gunia la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mboji yenye asilimia 2 ya naitrojeni ina kilo moja tu katika gunia la uzito huo. Utahitaji magunia tisa kupata naitrojeni ya gunia moja la DAP.

Kwa hivyo anayekuambia uache kabisa mbolea ya dukani na kutumia gunia moja la mboji mahali pa gunia moja la DAP hakutakii mema.

Mboji ina kazi nyingine. Huongeza uhai wa udongo, hufanya shamba lishike maji mvua inapokatika, na husaidia mimea kuitumia vyema mbolea uliyonunua. Katika maeneo kama Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako mashamba mengi yana asidi na DAP imetumiwa kwa miaka mingi, faida hiyo si ndogo. Lakini haionekani msimu mmoja, na mkulima wa shamba la kukodi anaweza kuliacha shamba kabla ya kuivuna.

Kuna pia nauli. Mboji ni nzito na virutubishi vyake ni vichache kwa kila kilo, kwa hivyo kila kilomita inapunguza faida. Mkulima wa Machakos, Kajiado au Kiambu yuko karibu na kiwanda. Aliye Kitale atalipia lori kubeba mzigo ambao pengine angeupata kwa samadi ya ng'ombe wa jirani.

Anayefuga kuku apime protini kwa njia hiyo hiyo. Mabuu yaliyokaushwa huwa na protini ya asilimia 40 hivi. Ikiwa kilo moja inauzwa Sh100, basi kilo ya protini inakugharimu Sh250. Fanya hesabu hiyo kwa omena na soya kwa bei ya siku hiyo, kisha uamue. Omena huliwa pia na binadamu, na mara nyingi huja na mchanga ndani ya gunia. Usilipie mchanga bei ya protini.

Tahadhari kwa wanaouza nje

Wanaokuza mishiri, minji na mboga nyingine za kuuza Ulaya wanafaa kuwa makini zaidi. Kanuni za GLOBALG.A.P., ambazo kabla ya 2007 ziliitwa EurepGAP, zimekuwa zikipiga marufuku matumizi ya matope ya majitaka ya binadamu katika mashamba yenye cheti, hata yakiwa yametibiwa.

Kabla ya kumwaga mbolea yoyote iliyotokana na uchafu wa vyoo, mwulize mkaguzi wako na kampuni inayokununulia. Omba jibu kwa maandishi. Mzigo mmoja ukikataliwa, hasara yake itazidi faida ya magunia mengi ya mboji.

Tahadhari hii inaonyesha pia upungufu wa mbinu tunayoizungumzia. Anayebuni huduma kwa kumsikiliza mkazi wa Mukuru pekee amesikiliza upande mmoja. Mkulima wa mishiri, dereva wa lori, mhudumu anayebeba mitungi na afisa wa kaunti nao wanaishi na matokeo ya ubunifu huo, na wanastahili kuulizwa mapema.

Naivasha walibadilisha njia

Mfano mwingine uko Naivasha. Andrew Foote na Emily Woods, waliosomea Georgia Tech nchini Marekani, walianzisha kampuni ya Sanivation iliyokuwa ikiweka vyoo vya mitungi majumbani na kukusanya uchafu. Badala ya mbolea, walitengeneza makaa ya kuchoma, baada ya kuua vijidudu kwa joto la jua.

Baadaye waliachana na vyoo vya majumbani na kushughulikia zaidi mitambo ya kutibu uchafu wa mji kwa kushirikiana na mamlaka za maji. Makaa yakalengwa viwanda vinavyotumia kuni nyingi.

Kubadilika huku ni sehemu ya mbinu yenyewe. Mji una uchafu mwingi zaidi kwenye mashimo na majitangi kuliko kwenye mitungi ya kampuni moja, naye mwenye kiwanda hununua kwa tani. Aliyependa sana wazo lake la kwanza angeng'ang'ania vyoo hadi pesa ziishe.

Vyuo vyetu nyumbani

Si lazima mwanafunzi atoke Marekani. Kati ya mwaka 2009 na 2012, wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishirikiana na chama cha Muungano wa Wanavijiji kuandaa mpango wa kuboresha Mathare. Walitembea na wakazi, wakahesabu vyoo na vituo vya maji, na kuchora ramani.

Ushirikiano wa aina hiyo uliendelezwa Mukuru. Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoshiriki, na wakazi walipangwa katika vikundi vidogo vya familia kumi kumi ili kila mlango usikike.

Utafiti uliotangulia tangazo hilo ulikuwa umeonyesha jambo la kushangaza. Mkazi wa Mukuru hulipia maji na huduma nyingine bei ya juu kuliko mwenye nyumba katika mtaa wa kifahari, kwa kuwa ananunua kidogo kidogo na kupitia mikono mingi.

Kwa mchumi, habari hiyo ina maana kubwa. Pesa zipo Mukuru. Zinakwenda kwa madalali.

Nani alipe?

Swali hili ndilo litakaloamua kama kazi ya wanafunzi hawa itadumu. Mwaka 2019, Benki ya Dunia ilichapisha tathmini ya huduma nne za vyoo vya mitungi, ikiwemo ya Sanergy. Zilizosalia zilikuwa Kumasi nchini Ghana, Lima nchini Peru, na Haiti. Hakuna iliyolipia gharama zote kwa ada za wateja. Mauzo ya mbolea nayo hayakuziba pengo.

Wapo watakaosema hiyo ni biashara iliyoshindwa. Hoja hiyo ina kasoro. Bomba la majitaka la mitaa ya matajiri pia halikujengwa kwa ada ya mwezi ya mwenye nyumba. Lilijengwa kwa kodi na mikopo ya umma, nayo mikopo hiyo inalipwa na sote, akiwemo mkazi wa Mukuru anayenunua unga na sukari yenye ushuru.

Ikiwa umma unalipia kuondoa uchafu wa mitaa ya juu, ni haki ulipie pia kuondoa wa Mukuru, kwa bomba panapopitika na kwa mtungi pasipopitika. Kaunti ikikwepa jukumu hilo, pengo litatafutiwa mahali pengine. Litaongezwa kwenye kodi ya nyumba ya mpangaji au kwenye bei ya gunia la mbolea, na wote wawili hawana nafasi ya kuongezewa mzigo.

Mkulima naye asinunue mboji kwa huruma. Anunue kwa sababu udongo wake unaihitaji. Pima udongo kwanza; maabara za shirika la KALRO, Kabete, hufanya kazi hiyo. Kisha tenga robo ekari, uigawe mara mbili. Upande mmoja tumia mbolea yako ya kawaida, upande wa pili ongeza mboji. Pima mavuno ya kila upande kwa mizani, toa gharama pamoja na nauli, na uendelee hivyo kwa misimu miwili au mitatu.

Matokeo hayo mpelekee muuzaji, yakiwa mazuri au mabaya. Mwambie kama gunia ni zito mno kwa bodaboda, kama mboji ina vipande vya plastiki, au kama ungependa kulipa baada ya kuvuna. Kampuni iliyoanza kwa kumwuliza mkazi wa Mukuru anataka choo cha namna gani haina kisingizio cha kutomsikiliza mkulima.

Nawe mwenye duka, kioski au banda la kuku, fanya jaribio lako wiki hii. Waulize wateja watano walioacha kununua kwako sababu ya kuacha. Usijitetee. Andika majibu, ubadilishe jambo moja dogo, na uangalie mauzo ya mwezi unaofuata.